Waya Haujapoa

Wenzake wa maabara walimwita Bi Subira, na jina lilimkaa. Miaka ishirini na sita alikuwa akiotesha bakteria kwa njia moja: chupa ya damu ya mgonjwa ikionyesha ina kijidudu, anapaka tone kwenye sahani, anaitia kwenye kabati la joto, jibu siku ya pili. Ukimharakisha, atakuuliza kama mimba nayo huwa unaiharakisha. Mkaidi yule, acha tu.

Ilipoletwa njia ya mkato alinuna wiki nzima. Damu inazungushwa kwenye mashine, wekundu unamwagwa, na mashapo meupe yanayobaki chini ndiyo bakteria wenyewe. Wakipandwa, saa nne zinatosha kuwatambua. "Lipualipua," alisema.

Asubuhi moja ikaja chupa ya mjukuu wa mfagiaji wao, kichanga cha siku tisa. Dawa haikuwa ikimsaidia, na daktari alitaka kujua ni kijidudu gani kabla ya jioni. Mfagiaji alisimama mlangoni na ufagio wake. Bi Subira angefanyaje? Akazungusha damu. Akapitisha waya wa kupandia motoni kuutakasa, na kwa papara, yeye aliyewagombeza wanafunzi kwa kosa hilo hilo, akauchovya kwenye mashapo kabla haujapoa. Ukalia chss. Bakteria aliowachota wote wameungua.

Hakuna aliyesikia. Angenyamaza, sahani ingebaki tupu, na njia mpya ingeaibika mbele ya watu wote. Nisikufiche, wazo hilo lilimjia, tena lilikuwa tamu. Kisha akamtazama yule bibi pale mlangoni, akaona haya.

"Mdogo wangu," alimwambia mwenzake wa zamu, "nimewaunguza. Nizungushie damu nyingine."

"Wewe, dada?"

"Mimi. Usinitolee macho, leta chupa."

Alasiri kijidudu kikajulikana, dawa ikabadilishwa. Kesho yake asubuhi mfagiaji aliingia, akaketi bila kukaribishwa.

"Ananyonya," alisema. "Daktari anasema jana jioni, kabla dawa mpya haijamshika, hata kulia alikuwa hawezi tena. Kwa ile njia yako ya zamani, mwenzangu, tungejua lini?"

"Ndiyo kwanza ningekuwa natoa sahani saa hizi."

Mfagiaji aliitikia kwa kichwa, akaenda kufagia. Bi Subira alibaki kitini, akiwafikiria wote aliowaambia warudi kesho, na jinsi ambavyo hakuwahi kuuliza ni wangapi waliofika hiyo kesho.