Mwizi Aliyevaa Abakosti

Aibu yenyewe iliniangukia hapa shuleni Panda, siku ileile inspekta alipotarajiwa kuamua kama nitabaki mwalimu. Somo lilikuwa sheria, na mwenzangu aliahidi kunitumia rafiki yake, nisiyemjua, acheze mwizi mbele ya wanafunzi, nao wawe mahakimu.

Mtu mnene aliyevaa abakosti, ile suti rasmi isiyo na tai, akagonga mlango.

“Ingia, mwizi!” nikamwita.

“Miye ni inspekta, citoyen!” akasema, akiniita “raia” kama desturi ya wakati ule.

“Watoto, mumesikia? Bezi bote banasemaka vile!”

Akakasirika vizuri kabisa, nikampigia makofi. Mahakimu wakamhukumu kufagia darasa, nami nikamtia ufagio mkononi.

Mkuu wa shule akaingia na soda ya mgeni.

“Citoyen inspekta! Nani alikupa ufagio?”

Watoto wakasimama wote: “Sheria!”