Ndoo ya Maji katika Banda la Video

Nilipokuwa mdogo, mtaa wetu wa Rahaleo ulikuwa na banda moja la video, la mabati ubavuni na makuti juu. Ndani palikuwa na mabenchi ya mbao, runinga yenye kisogo kikubwa, deki, na mtu ambaye bila yeye vyote hivyo visingekuwa na maana: mtafsiri. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti mkononi, akapunguza Kizungu cha mkanda, kisha akatusimulia mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili. Aliiga sauti za wanaume, za wanawake, hata za mitambo. Alikuwa mtu wa Kitaya, kijiji cha mpakani, mama yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, na kila alipopandwa na mori lafudhi yake ya Kimakonde ilizidi. Ndiyo maana kwa miaka mingi niliamini kwamba watu wa anga za juu wote ni Wamakonde.

Baba alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa swala na maneno machache. Banda lile alitupigia marufuku, mimi na dada yangu. "Mule mna giza na uongo," alisema. Sisi tulikwenda mchana akiwa kazini, na mama alijifanya hajui.

Siku moja ukawekwa mkanda wa watu waliokuwa ndani ya chombo cha anga, wanaelea kama maboya. Mtafsiri akachangamka. "Ndugu watazamaji, hapa uzito umekwisha! Ukirusha tonge, halirudi sahanini!"

Banda zima likacheka, isipokuwa dada. Mkanda ulipokwisha alimfuata mtafsiri pale kwenye waya zake.

"Kaka, shikamoo. Kama kule juu hakuna uzito, mwezi umeshikwa na nini? Mbona haudondoki?"

Nilimvuta gauni, naona haya. Mtafsiri akajikuna kidevu. Angeweza kubuni jibu, maana kubuni ndiyo ilikuwa kazi yake. Badala yake alisema, "Mdogo wangu, hapo umenikamata. Nipe mpaka Jumamosi."

Baadaye tulisikia kwamba alipanda baiskeli hadi Shangani, nyumbani kwa mwalimu wa fizikia ambaye hawakuwa wakijuana, akabisha hodi akiwa na swali la mtoto wa watu.

Jumamosi tulipofika, runinga ilikuwa imezimwa na watu wananung'unika. Mtafsiri alisimama katikati ya banda, mbele yake ndoo ya bati imejaa maji nusu.

"Kuna binti aliniuliza kwa nini mwezi haudondoki," alisema. "Jibu ni kwamba unadondoka. Kila siku unadondoka! Ila unadondoka huku unakimbia, ndiyo maana haufiki chini. Sasa tazameni maji haya."

Akaishika ndoo kwa mkono wa kulia, akaanza kuibembeza, mbele, nyuma, mbele, kisha akaizungusha duara zima, juu ya kichwa na kurudi chini. Watu wa benchi la mbele walijikunyata. Halikudondoka hata tone.

Ukelele uliopigwa mle ndani ulivuka mitaa. Na ulimfikia baba, ambaye siku hiyo alirudi nyumbani kufuata spana aliyoisahau na kukuta watoto hawapo. Pazia la mlangoni likafunguka, nikamwona amesimama na ovaroli lake lenye grisi. Dada akanishika mkono.

Baba hakututazama. Alikuwa anaitazama ndoo.

"Rudia," alimwambia mtafsiri.

Mtafsiri akarudia. Baba akasogea, akachungulia ndani ya ndoo, akachovya kidole kuhakikisha ni maji kweli.

"Ukipunguza mwendo?"

"Yanakumwagikia, mzee."

"Lete."

Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia wala kucheza, akaizungusha ndoo ile. Aliizungusha tena na tena, akicheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Kisha akataka kujua mwisho wa mwendo uko wapi, akapunguza, na maji yote yakamshukia kichwani. Banda likalipuka. Naye alisimama pale anatiririka, anajifuta macho, akasema, "Kumbe ni kweli."

Njiani kurudi tulimfuata nyuma, tukisubiri fimbo. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumamosi ijayo mtakwenda na mimi," alisema. Akaingia ndani kubadili nguo, na mama akabaki akituuliza kwa macho.

Wiki zile watoto wa Rahaleo walizungusha ndoo mpaka kina mama wakaanza kuzificha. Neno *mvutano*, ile nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini, alilolileta mtafsiri kutoka Shangani, likawa la mtaa. Mlevi akianguka, mvutano umemshinda. Kikapu kikiwa kizito, mvutano umezidi leo.

Baba ametangulia mbele ya haki. Dada anafundisha fizikia sekondari, na mahali pa banda pamejengwa stoo ya korosho. Watoto wangu hutazama mambo ya anga kwenye simu, kila mmoja na yake, wala hakuna anayewatafsiria.

Mwaka jana nilikwenda Kitaya kwenye msiba, nikamkuta mtafsiri, sasa mkulima wa mpunga mwenye mvi. Nilipojitambulisha alinishika mikono yote miwili.

"Na yule mwenye maswali?" aliuliza.

Nikampigia dada, nikampa mtafsiri simu. Alisogea nayo kivulini, na nilimsikia akisema kwa sauti yake ileile ya kipaza sauti, "Mwalimu, hebu nieleze. Hivi jua linachoma nini siku zote hizi, mbona haliishi?"

Walizungumza mpaka salio langu likaisha, naye akaniomba nimtafutie mwenye vocha.