Chumba Kisicho na Shikamoo

Ugomvi mkubwa kuliko wote tulioupata katika kikundi chetu ulihusu maamkizi. Mtu akisikia kikundi cha hatua kumi na mbili, cha kusaidiana kuacha uraibu, cha wanaume walioshindwa kujizuia na ngono, atadhani tuligombana kuhusu Mungu, au kuhusu wanawake. Hapana. Tuligombana kuhusu shikamoo.

Tulikuwa wahamiaji wachache hapa Uswidi: Watanzania, Wakenya, Mrundi mmoja, na Mkongo mmoja aliyenizidi umri kidogo. Wengi wetu tulikuwa tumeshakaa katika vikundi vya Waswidi mjini, na tuliona kasoro ileile. Kwa Kiswidi tuliweza kusema kila kitu, na hapo ndipo ilipokuwa shida. Mtu anataja simu aliyoificha bafuni, wanawake aliowalipa, uongo aliomwambia mkewe, na maneno yanamtoka kama anasoma ratiba ya treni. Kwa Kiswahili ulimi unakuwa mzito, aibu inakaa mahali pake. Nikakodi chumba cha chini katika jengo la vyama kule Hässelby, mwisho wa reli. Mimi naishi Jordbro, upande wa pili kabisa wa jiji, na sikuchagua hivyo kwa kupenda safari. Nilitaka mahali ambapo hakuna mtu wa kanisani kwetu angenikuta nikishuka zile ngazi.

Sasa hayo maamkizi. Watu wetu hawawezi kuingia chumbani wakakaa kimya kama wako kwa daktari wa meno. Mtu ataulizia nyumbani, ataulizia watoto na mama watoto, na kila mmoja atajibu kwamba ni wazima, nyumbani kuzuri. Mkutano haujaanza na sote tumeshadanganya. Isitoshe, vijana walikuwa wakinipa shikamoo, nami naitikia marahaba vizuri kabisa, kisha baada ya muda mfupi nasimama kueleza nilichomfanyia mke wangu. Nilishindwa kupokea heshima ile kwa mdomo huohuo. Nikapendekeza shikamoo tuiache nje. Wakenya hawakuona uzito wake, lakini Watanzania walinijia juu, na mmoja akasema mama yake angemlaani. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tulikubaliana kwamba aliyefungua mlango atauliza, "Umefika?" na anayeingia atajibu, "Nimefika." Tunapeana mkono, mzee na kijana sawasawa, tunakaa.

Chai ilitoka kwangu. Kila siku ya mkutano mke wangu alijaza chupa, akaifunga kifuniko, akaiweka karibu na viatu vyangu. Alijua ninakokwenda. Mambo yangu aliyagundua mwenyewe, zamani, na yaliyofuata nayaacha kati yetu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba habari za kule asizisikie. Nikirudi aliiosha chupa kwa brashi ndefu, akaipindua ikauke, akaniuliza kama nimekula. Nilimshukuru kwa ukimya ule, na uliniuma pia.

Kijana mmoja alikuja mwanzo wa majira ya baridi. Alikuwa fundi wa lifti, Mtanzania, anaishi Fittja, na siku ya kwanza alilia tu. Baadaye aliniomba niwe mlezi wake, yaani mtu wa kumpigia simu anapohisi anateleza. Nilikubali. Nilimsikia katika hali ambazo mama yake mzazi hatazijua. Nilimpenda, nisifiche, kwa sababu alikuwa mkweli na alichukia uongo wake mwenyewe. Kuna wakati alianza kuzungumzia msichana anayetaka kumuoa. Msichana hajui kitu, alisema, na juzi tu ameteleza tena. Amwambie? Nilimjibu kama mtu mwenye uzoefu. Nilimwambia asiharakishe, asimame imara kwanza, kweli ikitupwa ovyo huumiza watu. Niliridhika sana na jibu lile.

Majani yalipoanza kuchipua, binti yetu alitangaza kwamba mtu wake angekuja kujitambulisha. Mke wangu alipika tangu asubuhi. Dada yake alikuja na kitenge kipya, akakaa karibu na mlango ili asipitwe na chochote. Kengele ilipolia nilikwenda kufungua mimi, na mbele yangu, ndani ya suti, na mjomba wake nyuma, alisimama fundi wa lifti.

Sijui niseme nini kuhusu kilichotokea hapo, ila kwamba mdomo ulifanya ulichozoea.

"Umefika?" nilimuuliza.

"Nimefika," alinijibu, akanipa mkono.

Baba mkwe mtarajiwa hapewi mkono mkavu vile. Shemeji yangu alivuta pumzi hadi tukaisikia sebuleni kote. Ubaya ni kwamba kijana alipogeuka aliwaamkia wanawake kwa adabu zote, kwa kuinama, shikamoo mama, shikamoo mama mdogo. Mimi peke yangu ndiye niliyerukwa, na wala sikuonyesha kukasirika. Shemeji alininong'oneza kwamba huyu hana malezi. Mke wangu alikuwa amesimama na sahani ya sambusa, ananitazama mimi, kisha kijana, kisha mimi. Mikutano ile alitaka asiisikie, lakini simu zangu nazipokea jikoni, na kila nikipigiwa na mtu wa kule ndivyo tunavyoanza. Niliona uso wake unabadilika. Akaweka sahani mezani, akawakaribisha wageni wale.

Baada ya chakula nilimwita kijana roshani, eti nimwonyeshe mtaa.

"Ni wewe uliyeniambia nisiharakishe," alisema.

"Nilikuwa namzungumzia mtoto wa mtu mwingine."

Nikaona haya mara tu nilipolisema, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimwambia kwamba nilichokisikia kule nitazikwa nacho, hata binti yangu hatakipata kwangu. Lakini akimuoa bila kumwambia, mimi harusini sitakuwepo, na mtu akiniuliza sababu sitaitoa. Alitikisa kichwa kukubali. Aliniuliza kama bado anaweza kunipigia. Nilimwambia hapana, atafute mlezi mwingine, na hilo lilimvunja kuliko yote niliyotangulia kumwambia.

Chumbani kule hatukuweza kukaa wote wawili. Mkwe hawezi kulia mbele ya baba mkwe. Angeanza kuchagua maneno, na kuchagua maneno ndiyo njia ya kurudi tulikotoka. Mmoja alipaswa kuondoka. Yeye alikuwa mgeni na hali yake ilikuwa mbaya zaidi, basi niondoke mimi. Nilimpelekea Mkongo ufunguo, nikamwambia nimechoka na safari. Hakuniamini, lakini kule hatuchimbani.

"Bon, nitaichunga," alisema. "Utaikuta siku yenye utarudia."

Nikarudi kwa Waswidi wa mjini, kwenye maneno yasiyo na uzito. Wiki zilipita. Binti yetu alikuja chakula cha Jumapili akicheka, akituonyesha picha za kumbi za harusi. Nilikaa mezani nikila wali, nikijua. Usiku mmoja alipouliza kama tumpe mwimbaji fulani kazi ya harusi, nilimkaripia bila sababu, akanishangaa. Nilitamani kuropoka. Mzazi gani anamwona mwanawe anaelekea shimoni akafunga mdomo kwa ajili ya kanuni ya chumba cha chini? Lakini wanaume wale walikuja kwa sababu niliwapa neno langu kwamba linalosemwa kule linabaki kule. Mke wangu naye hakuniuliza, maana alijua ningemjibu nini. Tulilala tumepeana migongo.

Jumamosi moja asubuhi binti yetu alikuja bila kupiga simu. Alivua viatu, akaketi jikoni na koti lake. Kwa kawaida sisi tunamsemesha Kiswahili, yeye anajibu Kiswidi; siku hiyo alisema Kiswahili, polepole, kama anabeba kitu kinachomwagika. Alisema mtu wake amemweleza mambo yake yote. Alisema ipo mikutano anayokwenda, na kwamba alikuwa na mlezi mzuri ambaye sasa hana tena. Jina hakulitaja, na nilijua hakuna jina alilopewa. Kijana alikuwa amesema ya kwake yote na ya kwangu ameyaacha.

"Baba," aliniuliza, "watu kama hao huacha kweli?"

"Wapo wanaoacha," nilisema. "Siku kwa siku."

"Unamjua nani aliyeacha?"

Hapo palikuwa mahali pangu pa kusema. Kikundini nimesimama mara nyingi sana nikasema mimi ni nani, tena bila kuombwa. Mbele ya mtoto wangu nilizungusha kikombe mezani. Mke wangu alikuwa kwenye sinki, ametugeuzia mgongo. Alifunga bomba.

"Mimi nimeolewa na mmoja," alisema.

Binti alinitazama. Sikuinamisha uso, hilo tu ndilo nililoweza. Hakunihoji. Alimgeukia mama yake, akamuuliza kwa sauti ndogo aliwezaje kubaki.

"Usiniulize mimi," mke wangu alisema. "Mimi niligundua mwenyewe, na wewe ukiwa mgongoni. Wewe umeambiwa, na bado hujafunga ndoa. Usimhurumie yeye, wala usiogope watu. Amua."

Kisha alilia, na katika miaka yetu yote sikuwa nimemwona akililia jambo hili mbele ya mtu. Binti alimshika. Nilinyanyuka niwasogelee, mke wangu akainua kiganja, nikakaa.

Baadaye walivaa viatu, mama akamsindikiza mwanawe kituoni. Binti hakuniaga. Mezani palibaki vikombe vitatu na chupa ya chai. Niliifungua, nikamwaga iliyobaki, nikaanza kutafuta brashi ndefu. Ilinichukua muda, kwa sababu sikujua huwa anaiweka wapi.