Utepe wa Mwisho Mikononi mwa Luhende

Saa tatu kasoro asubuhi. Luhende Masunga anachukua nyundo yake ya mbao na kuiweka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wake hauifikii bila kupanda kigoda.

"Mkono una mazoea yake," anasema. "Ikiwa karibu nitaishika bila kujua, na nikiishika tu, kazi imekwisha."

Luhende, mwenye miaka 49, ni fundi wa kusuka mota, yaani kuzizungushia waya upya, mtaa wa Makanyagio, mjini Mpanda. Mota za mashine za kusaga kutoka Kasokola, za kukoboa mpunga kutoka Kibaoni, pampu za machimboni, zote zikiungua huishia kwake. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita.

Leo mezani hakuna mota. Kuna gurudumu la mti wa mninga, upana wa sahani ya wali, lililozungushiwa utepe unaong'aa, mwembamba kuliko kucha. Wataalamu huuita supakondakta. Ukipozwa sana, umeme hupita ndani yake bila kuzuiwa hata kidogo wala kupotea kama joto.

Mwenye utepe ni Recho Ambrosi, binti wa mtaa huohuo anayesoma uhandisi chuo kikuu. Alitumwa na chuo kutengeneza koili ya utepe huo na kuipima. Koili mbili za kwanza zilimfia mikononi. Zikabaki mita kumi na moja. Kuagiza nyingine nje ya nchi ni miezi minane, na muda wake wa masomo unaisha Desemba.

"Nikajiuliza, nani namjua anayesuka waya vizuri kuliko mimi?" anasema Recho. "Jibu lilikuwa nyuma ya nyumba yetu."

Luhende aliacha shule darasa la tano, ng'ombe wa baba yake walipohamia Mpimbwe kutoka Usukumani. Anaomba jambo hilo liandikwe wazi.

"Watu wasije wakadhani mimi ni profesa. Mimi ni fundi."

Ufundi wenyewe ndio uliomponza. Wiki mbili zilizopita Recho alimpa kipande cha majaribio, mita moja. Luhende alikisuka kama anavyosuka mota, akakunja kona na kuzilaza kwa nyundo ya mbao. Kisha akaunga taa yake ya kupimia. Taa ikawaka.

"Mzima huyu," akatangaza.

Recho akakitumbukiza kwenye kimiminika chenye baridi kali na kupitisha umeme. Mita yake ya kupimia ikaanza kupanda, dalili kwamba umeme unazuiwa. Kipande kilikuwa kimekufa.

"Nilibisha," Luhende anakiri. "Nikamwambia mita yako mbovu, taa yangu haijawahi kunidanganya."

Taa haikudanganya, ila ilijibu swali lingine. Juu ya utepe huo kuna shaba, na ndani kuna tabaka jembamba linalovunjika kama udongo uliochomwa. Nyundo ilipasua tabaka. Shaba ikabaki, na umeme wa taa ukapita juujuu.

"Ni chungu chenye ufa kilichopakwa rangi nje," anasema. "Ukikitazama, ni kizima. Kitie maji sasa."

Siku tatu hakugusa utepe. Alisuka mota mbili tu, na mota ya uwezo wa farasi kumi humwachia kama shilingi elfu sitini baada ya kununua shaba. Lakini kilichomkosesha raha hakikuwa hela. Mama yake Recho, Dafrosa, anasali naye kanisa moja.

"Nikiua utepe wa mwisho, nimeua masomo ya mtoto. Jumapili nitapita wapi? Kanisa lina mlango mmoja."

Jibu lilitoka utotoni. Baba yake alisuka kamba za ngozi za kufungia ng'ombe, na ngozi mbichi hakuikunja hata siku moja. Aliizungusha kwenye gogo laini, polepole, huku jiwe likining'inia mwishoni ili ivutwe sawasawa.

Luhende akachonga gurudumu la mninga, akalisugua kwa msasa mpaka ukilipitishia shavu halikwaruziki. Mahali pa jiwe akaning'iniza mfuko wa maharage, nusu kilo. Recho akapiga hesabu zake, akasema nusu kilo inatosha, isizidi.

Jana usukaji ulichukua saa tano.

Sasa koili imekaa ndani ya boksi la kuhifadhia samaki, nje chini ya baraza, penye hewa. Thadei Lyamba, mtaalamu wa mifugo, anashuka kwenye pikipiki na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa kawaida hutunzia mbegu za madume ya ng'ombe.

"Lita sita, sizidishi," anasema huku akivaa glovu za ngozi. "Ikishuka chini ya alama hii mbegu zinaharibika. Ng'ombe wa Kibaoni wasipopata mimba, Wasukuma wenzako nitawaelekeza hapa hapa kwako."

"Waje tu. Nitawaambia dume alikuwa Thadei."

Pembeni, kwenye gunia, amekaa Pelagia, mwenye mashine ya kusaga Kasokola. Mota yake imeungua tangu juzi.

"Baba Minza," anamwita Luhende kwa jina la mwanawe, "mota yangu inalala njaa, nyie mnapikia nini humo?"

"Subiri, mama. Chakula hiki hakina moto."

Thadei anamimina taratibu. Kimiminika kinachemka kwa kishindo, ukungu mweupe unamwagika mpaka miguuni. Kisha kelele zinakatika. Koili imepoa.

Recho anaongeza umeme. Ampea kumi. Ishirini. Thelathini. Chuo kinataka arobaini. Anafika arobaini, anainamia mita.

Luhende hawezi kuvumilia. "Mita imekufa?"

"Haijafa, baba."

"Mbona inasoma sifuri?"

"Ndiyo tunayoitafuta. Sifuri." Anaitazama tena mita. "Umeme umepita wote. Hakuna ufa."

Anaendelea mpaka sitini na tano ndipo mita inaanza kutikisika, naye anazima. Luhende anakaa juu ya ganda la mota bovu na kuvua kofia. Anacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyeteremshwa mzigo begani.

"Jumapili napita mlango ule ule," anasema.

Recho atapeleka koili chuoni wiki hii. Ripoti ikikubaliwa, chuo kitaagiza mita mia moja za utepe, na jina la fundi ameshaliandika ukurasa wa kwanza. Luhende naye ana mpango: gurudumu kubwa la mninga linalozungushwa kwa pedeli za baiskeli, ili mikono yote miwili ibaki huru kuongoza utepe.

Anapanda kigoda, anateremsha nyundo, anaivuta mota ya Pelagia mezani. Mama huyo anautazama mfuko unaoning'inia ukutani.

"Na hayo maharage, fundi? Si uyapike, kazi imekwisha."

"Hayapikwi hayo," anasema Luhende, akigonga shaba iliyoungua. "Mita mia zinakuja."