Spana ya Kumi na Saba

Tangu reli ya treni za kasi ifunguliwe kwetu Maibara, fundi Tokuji alipanda nguzo zake kukaza nyaya za umeme, na theluji ya Maibara haina huruma. Mimi nilitunza vifaa. Ukutani palikuwa na ubao, kila kifaa kimechorewa umbo na namba yake. Mafundi wakirudi alfajiri, kila mmoja alinyooshea kifaa chake kidole na kukitaja kwa sauti. Kimoja kikikosekana, huenda kimeachwa njiani, na treni ya kwanza haiondoki.

Tokuji alizoea mno, hata mezani alinyooshea wali kidole. "Bakuli, lipo."

"Na akili je, mzee?" nilimuuliza.

"Hiyo sikukabidhiwa, dada."

Ninakumbuka vicheko vile, na harufu ya makoti mabichi karibu na jiko.

Asubuhi moja ya Februari, umbo la kumi na saba lilibaki tupu. Spana ya Tokuji. Nagase, msimamizi wetu, alikuwa ameiazima huko juu ya nguzo.

"Hisano, gonga muhuri kwamba vyote vimerudi," akaniambia. "Abiria wamejaa kituoni."

"Spana haipo, bwana."

"Umehesabu vibaya. Si uliishia darasa la tatu wewe?"

"Pengo ni pengo, bwana, hata kwa asiyesoma."

Nilikataa. Treni ikachelewa dakika kumi na tisa. Tokuji alirudi kwenye theluji, akaikuta spana juu ya nguzo, palepale Nagase alipoiacha. Aliniambia mwenyewe, kwa kunong'ona, mikono ikiwa myekundu kwa baridi.

Mchana Nagase akaniletea karatasi. "Taarifa ya kuchelewa tu, gonga hapa." Maandishi yalikuwa magumu kwangu. Nikagonga muhuri wangu, ambao kwetu ndio sahihi. Kumbe yalisema kosa ni la mtunza vifaa. Wiki iliyofuata nikafukuzwa. Tokuji aliulizwa mbele yangu ni nani aliyeiacha spana. Aliutazama ubao, akanyamaza. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

Nikaenda kusindika figili za kutia chumvi, na jina langu likabaki la mwanamke aliyechelewesha treni. Kila vuli Tokuji aliniachia matunda ya kaki mlangoni. Niliyala. Mlango sikumfungulia.

Mwaka huu amefariki. Msibani, Mitsue, mjane wake, alinipa bahasha aliyoikuta kwenye kisanduku cha muhuri wa mumewe. "Ina jina lako, dada."

Tokuji alikuwa ameandika kwa herufi nyepesi, zile za watoto, ili nisome mwenyewe: Spana ya kumi na saba aliiacha Nagase. Hisano hakukosea. Chini, muhuri wake mwekundu. Tarehe ilikuwa ya Februari ileile niliyofukuzwa.

Nagase akanisogelea, mvi kichwa kizima. "Mama Hisano, yale yameshapita. Mwekee karatasi hiyo jenezani, iungue naye atakapochomwa."

Jeneza lilikuwa wazi bado. Nilimtazama Tokuji. Kama ungeitoa siku ile, mzee, tungecheka miaka mingapi zaidi?

Kisha nikainua karatasi mbele ya Nagase, nikainyooshea kidole.

"Karatasi, ipo," nikasema kwa sauti, mafundi wa zamani wote wakageuka. Nikaikunja, nikaondoka nayo.