Nyumba Mbili Katika Daftari la Fizi

Kabla sijaiona mahakama ya Fizi, niliisikia. Dereva wa pikipiki alikuwa amezima injini ili ipoe, nasi tukamalizia mlima kwa miguu. Kutoka nyuma ya mikaratusi ikaja sauti: tak, tak, kisha kimya kirefu, kisha tak moja tu. Dereva akasema ni mtu anagonga misumari. Nikasema anayegonga misumari hafikirii hivyo. Tulipofika tukakuta ni karani, anaandika hukumu kwa kidole kimoja kwenye mashine ya taipu iliyokosa herufi mbili. Hizo alikuwa akizijaza baadaye kwa kalamu, kwa uangalifu, kama mtu anayepanda mbegu.

Nilikuwa nimetoka Baraka, mji wetu wa ziwani, asubuhi ile kwenda kutafuta talaka ya mama yangu.

Si kwamba ilikuwa siri. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka minne, mbele ya baraza la usheferi, lile la chifu lililoamua mambo ya ndoa kwa desturi. Baba akaenda Misisi kuchimba dhahabu. Mama akateremka ziwani kuuza ndagala, dagaa wa kwetu. Kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyeomba ushahidi wa jambo hilo. Kisha mama akaposwa. Aliyemposa ni seremala wa Nundu, mjane, mzee wa kanisa, mtu anayepima kila ubao mara mbili. Mchungaji alifurahi, akaomba pamoja nao, akafumbua macho, akasema hatatangaza ndoa hiyo kanisani mpaka aone karatasi ya talaka. Yeye mwenyewe alikuwa anahamishwa mwisho wa mwezi, na aliyekuwa anakuja kumrithi alijulikana kwa kukataa kabisa kuwafungisha ndoa walioachika, wawe na karatasi au wasiwe nayo.

"Pasta, Baraka muzima inajua," mama alimwambia.

"Mama, Baraka haina muhuri."

Basi nikatumwa mimi, kwa kuwa kati ya watoto wake mimi ndiye ninayeshinda na karatasi.

Karani alikuwa mwanamume mwembamba aliyevaa sweta la kijani. Madaftari ya baraza la zamani yalikuwa yamehamishiwa kwake, na alikuwa ameyapanga ukutani kwa mwaka.

"Unatafuta nini, mutoto yangu?"

"Karatasi ya kuachana, papa. Ya mama na baba."

"Jina?"

Nikampa jina la baba. Akashusha kidole polepole kwenye kurasa, kile kile cha kuandikia. Hakuna. Nikampa la mama. Hakuna. Tukafungua daftari la mwaka uliotangulia na la mwaka uliofuata. Mahali pengi karatasi ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini mchwa walikuwa wamekula pembeni tu, wakayaacha majina, kama watu wenye adabu. Mpaka jua la saa sita tulikuwa tumepita ndoa nyingi zilizovunjika, na ya kwetu haikuwamo.

"Mama yako hakuachanaka," karani akasema, bila ubaya wowote. "Iko bibi ya muntu."

Nilirudi Baraka na habari hiyo. Nilimkuta mama ameinama, anatandaza ndagala juu ya wavu, na nikamwambia kwamba kwa upande wa serikali yeye bado ni mke wa baba. Hakuacha kutandaza.

"Na yeye anajua?"

"Sijui, mama."

"Mumeitafuta mu jina ya nani?"

"Yako na ya baba."

Akainuka, akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekwenda kulima na kijiko.

"Mali yangu nilikula mi? Ama baba yako njo alijilipia? Miaka yote ile ya masomo, haukujifunza nani anakulaka mali?"

Mali ni mahari, na 'njo' ni 'ndiye' au 'ndivyo' ya huku kwetu. Baba yake mama alikufa kabla mama hajaolewa, hivyo mbuzi na vitenge vilipokelewa na mjomba wake. Ndoa ilipovunjika, aliyeitwa Fizi kujibu ni yule mjomba, na aliyekuja kudai ni baba yake baba. Baraza la zamani liliandika majina ya hao: nyumba iliyotoa na nyumba iliyokula. Mume na mke walitajwa ndani ya kesi kama mpaka unavyotajwa katika kesi ya shamba. Mpaka haushitaki mtu. Mimi, niliyesoma mpaka Bukavu, nilikuwa nimekwenda kuuulizia mpaka kwa jina lake.

Safari ya pili mama alikuja mwenyewe, amevaa kitenge cha Jumapili ingawa ilikuwa Jumanne. Tulitoa jina la mjomba, na ukurasa ukapatikana kabla mama hajamaliza kukaa. Ulikuwa na mistari mitano. Nyumba hii na nyumba ile. Binti wa nyumba anasema mume haongei. Mume, alipoulizwa kama ni kweli, hakujibu. Baraza limeridhika. Mbuzi wamerudi.

Niliisoma mara mbili. Katika riwaya yangu ya kwanza, ambayo wenzangu wa chama cha waandishi waliisifia sana, nimeandika mke anayemwacha mumewe. Kioo kinavunjika, na mvua inanyesha kurasa nne. Wote wanaonifahamu walijua nimemwandika nani. Katika daftari hapakuwa na kioo. Mvua pia haikutajwa.

"Ni kweli, mama? Juu ya ile tu?"

"Wewe umeshaka kaa miaka sita na muntu mwenye haongee? Kaa kwanza, kisha uniulize kama ni 'tu'."

Karani alikuwa bado anatazama ukurasa.

"Iko shida," akasema. "Huyu mujomba alikula mali ya mabinti wangapi?"

"Batatu," mama akajibu. "Mi na badada zangu babili."

"Hapa bameandika 'binti wa nyumba'. Binti gani? Siwezi kupatia wewe karatasi ya dada yako. Muntu wa nyumba ya pili akuje aseme mbele yangu ni wewe."

Baba yake baba alikuwa amekufa zamani, na ndugu zake walikuwa wametawanyika. Katika nyumba ile alibaki mtu mmoja tu anayejua, na anayeweza kufika kabla ya mwisho wa mwezi.

"Yule haongeake," mama akasema.

"Njo vile iliandikwa," karani akajibu, akalifunga daftari.

Nilimpigia baba simu. Baba hupokea simu kwa kupumua. Nikasema mama anataka kuolewa, nikasema karatasi, nikasema Fizi, Ijumaa, mahakamani, na kwamba Jumapili inayofuata ndiyo ya mwisho ya mchungaji. Upande wa pili kulikuwa na vishindo vya watu wanaoponda mawe, na katikati ya vishindo hivyo, pumzi yake. Kisha laini ikakatika. Mama akauliza amesemaje. Nikasema amesikia.

Ijumaa tulikaa kwenye benchi la mahakama tangu asubuhi. Mama alikuwa na kikapu juu ya magoti na hakuzungumza, jambo ambalo si kawaida yake. Kila pikipiki iliyopanda mlima alikuwa wa kwanza kuisikia na wa mwisho kugeuza kichwa. Ya nne ndiyo iliyomleta baba. Alikuwa na matope mekundu mpaka magotini, na kofia alikuwa ameishika mkononi. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akakaa nao muda mrefu.

"Umefika," mama akamwambia.

Akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Tuliingia ofisini. Karani aliweka karatasi kwenye mashine, akainyoosha, akainua kidole.

"Papa, huyu mama njo mwenye ulikuwaka naye mu ndoa yenye iliishia hapa?"

Baba akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Kichwa haiandikake, papa. Sema."

Nje kuku alikuwa akichakura majani makavu chini ya dirisha. Niliitazama midomo ya baba, nikajiona nami nimening'inia kwenye neno lile, kwa sababu bila neno lile mama angebaki binti wa nyumba, asiyejulikana ni yupi, na seremala wa Nundu angebaki akipima mbao zake peke yake. Karani akakohoa. Akaitazama saa.

"Ngoja, papa," mama akamwambia karani. "Mi nilingojaka miaka sita. Wewe unashindwa saa moja?"

Baba akaigeuza kofia mkononi, mzunguko mzima, mpaka ikarudi ilipoanzia.

"Njo yeye," akasema.

Tak, tak, tak. Kidole cha karani kilishuka kabla neno halijapoa. Alipomaliza mstari aliuliza, kama sheria inavyotaka, akiwa tayari ameshika karatasi kuitoa: "Uko na neno ya kuongeza?"

"Iko."

Karani akaiachia karatasi.

"Ile yenye alisema mbele ya baraza, ilikuwa kweli." Baba alikuwa anasema na kofia. "Nilitaka kujibu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kisha bakasema imeisha."

Karani akamtazama mama. "Hiyo pia naandika?"

"Andika," mama akasema.

Ilichukua muda. Herufi zilizokosekana zilikuwa nyingi katika maneno yale, na karani alizijaza moja moja kwa kalamu, akapuliza wino. Baba akatia sahihi. Muhuri ukagongwa mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulitoka mwepesi. Mama aliipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, pale anapofunga vitu asivyotaka vipotee.

Kisha akamgeukia baba.

"Umekula?"

Akatikisa kichwa kwamba hapana.

Mama alitoa kikapuni muhogo wa kuchemsha na ndagala za kukaanga, vimefungwa katika jani la mgomba. Ndipo nikaelewa kwa nini kikapu kilikuwa kizito tangu asubuhi. Akampa.

"Tembea muzuri."

Baba alifungua mdomo. Tulingoja wote watatu, na karani, nadhani kwa mazoea, alirudisha kidole chake juu ya mashine. Lakini baba alikuwa amemaliza. Alivaa kofia, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake polepole, akaushikilia usigonge, kama unavyofungwa mlango wa chumba alicholala mtoto.