Ukoka wa Mama

Jirani akikata nyasi, harufu yake hunirudisha kwetu, karibu na Ndhiwa. Mama alipanda ukoka mbele ya nyumba, chini ya mti wa ober, nami nikaumwagilia maji kwa kikombe. Kila wiki aling'oa magugu, lakini ukoka ulizidi kuwa wa manjano.

"Baba watoto, kata huu mti. Nyasi inataka jua."

"Acha. Wageni watakaa kivuli gani?"

Wageni walikuja kumzika mama. Baba mwenyewe aliuangusha ule mti, ukawa kuni za magenga, moto wa matanga.

Mvua iliponyesha, ukoka ulishika, ukatambaa hadi kaburini. Mchana kutwa baba alichutama pale juani, bila kofia, aking'oa magugu.